Wapenda matembezi Mwanza: nani anatembea wa mwisho?

Kobe wa Isamilo – Jumatatu, saa 2:10 usiku

Wakuu salaam. Mwangaluka kwa wa nyumbani, ingawa ni usiku.

Kuna mdau kanifuata inbox, anataka kuanzisha klabu ya matembezi huko Nyegezi na ameniomba nimtumie "utaratibu". Nimeandika ikawa ndefu, nikaona bora niitupie hapa wengine waikosoe. Mwenye haraka apite tu, hili ni bandiko la kutembea.

Klabu yetu iko mwaka wa tatu. Tulianza watu saba, majirani, baada ya mwenzetu mmoja kuambiwa kliniki kwamba vidonge vya presha peke yake havitamtosha, anyanyue na miguu. Akaona aibu kutembea peke yake barabarani kama amefukuzwa na mke, ikabidi tumsindikize. Siku hizi Jumapili ya kawaida tunafika 30 hadi 45. Jumapili ikiangukia baada ya mshahara tunaongezeka, na nina uhakika siyo kwa sababu ya afya. Ni supu ya sato tunayokunywa tukimaliza.

Joging zipo nyingi mjini, zina ngoma, filimbi na nyimbo, na sina ugomvi nazo. Sisi tunatembea. Kipimo chetu cha mwendo ni mdomo: uweze kuongea na jirani yako, ila ukijaribu kuimba pumzi ikugomee. Ukiweza kuimba, unazurura. Ukishindwa kuongea, umeshaanza joging, ungana na wenzako.

Tunakutana kwenye sanamu ya samaki pale mjini, saa 12 na nusu asubuhi. Wa Dar msitucheke, huku jua linawahi kwenu kwanza. Saa 12 kamili Mwanza bado giza. Mwanzoni tulijifanya tunaanza saa 11 na nusu, tukawa tunatembea kwa tochi za simu na kusindikizwa na mbwa. Njia yetu ya kawaida ni kuzunguka Capri Point: unaliacha Jiwe la Bismarck kwenye maji, unapita zinapoondokea boti za kisiwa cha Saanane, unapandisha. Kile kilima ndicho kinachotenganisha watu. Wenye mapafu wanatangulia na stori zao, wengine tunaanza kuhesabu mawe.

Na hapo kwenye kilima ndipo nilipojifunza hiki ninachotaka kusema.

Mwaka wa kwanza wote tulikuwa na viongozi watano na wote walikuwa wanatembea mbele. Mwenyekiti mbele, katibu mbele, mweka hazina mbele kabisa (ndiyo, tulimtania sana). Jumapili moja tukafika juu, tukapiga picha, tukashuka, tukakaa kwenye supu. Mmoja akauliza, "Mzee fulani yuko wapi?" Kila mtu alidhani yuko na mwingine. Tukapiga simu, inaita tu.

Tulimkuta ameketi ukingoni mwa barabara kwenye mteremko, shati limelowa jasho, mikono inatetemeka, anaongea maneno hayaungani. Mpita njia aliyekuwa naye alidhani ni mlevi wa kuamkia. Mzee ana kisukari. Alikuwa amejidunga insulini yake alfajiri kama kawaida, akaacha kula kwa sababu "supu ipo mbele". Sukari ikashuka. Kijana wetu akatimua mbio dukani kumletea soda. Akarudi na ile isiyo na sukari! Kwa nia njema kabisa: mgonjwa wa kisukari haruhusiwi sukari, si ndiyo? Ikabidi arudi tena dukani. Hizo dakika za kumsubiri sitaki kuzikumbuka. Alipokunywa soda yenyewe, baada ya kama robo saa akatutazama akauliza mbona wote tumemsimamia kama msibani.

Toka siku hiyo klabu yetu ina cheo kimoja tu chenye maana, na hakipo kwenye katiba. Tunakiita "mkia". Mkia anavaa kizibao cha rifleka, vile vya bodaboda, anabeba filimbi na mfuko mdogo. Ndani ya mfuko kuna paketi ya glukosi, soda moja yenye sukari (imeandikwa kwa kalamu nene "USINYWE"), bandeji, maji, na karatasi yenye majina ya waliofika siku hiyo na namba ya mtu wa nyumbani kwa kila mmoja. Hakuna anayeruhusiwa kuwa nyuma ya mkia. Ukipunguza mwendo, naye anapunguza. Ukikaa, anakaa. Haulizi "vipi, bado?" Anaongea mambo ya Simba na Yanga mpaka upate nguvu.

Kujitolea kwenye klabu ni huko. Watu wakisikia kujitolea wanafikiria picha na bango. Kwetu kuna mwenye daftari anayefika wa kwanza. Kuna wawili wanaokagua njia Ijumaa jioni, maana ukipeleka wazee 40 kwenye njia iliyochimbwa mtaro wa bomba jana yake utajuta. Kuna dada anayempigia simu kila aliyekosa Jumapili mbili mfululizo. Siyo kumdai, ni kumuuliza tu hali. Kwa simu hizo tumegundua misiba miwili, mguu uliovunjika, na mmoja aliyekuwa ametukasirikia kwa sababu ya fulana.

Fulana! Nyie mtakaoanzisha klabu, msianze na fulana. Tulichanga, tukampa fundi wa kuchapa (simtaji), akatuletea fulana za bluu nzuri za kupendeza. Jumapili ya kwanza mvua ikatunyeshea. Rangi ikashuka yote. Tulirudi watu 30 tuna shingo za bluu, na mama mmoja hadi leo anadai gauni lake la ndani. Hela haikurudi, na kelele zake karibu zivunje klabu kuliko kilima chochote.

Nimechoka kuandika. Ulizeni.

---

Mguu Kazi – saa 2:31 usiku

Mkuu uzi mzuri, lakini niulize kwa nia njema. Mimi natembea kutoka Igoma mpaka Buzuruga siku nauli ikikata, na siku zinakata nyingi. Nikirudi jioni nakandwa miguu. Sasa nyie mnaamka Jumapili, mnavaa raba, mnafanya kwa hiari kitu ambacho sisi tunafanyishwa na maisha, mnakiita klabu. Mna kiingilio pia?

Mama Dagaa – saa 2:38 usiku

Hahaha Mguu Kazi umenichekesha nikiwa nakula. Mimi ni wa Mwaloni Kirumba, siku nzima nimesimama na magunia ya dagaa, mume wangu ananiambia nijiunge na mazoezi. Nikamwambia mazoezi yenyewe ndiyo mimi.

Kobe wa Isamilo – saa 2:52 usiku

@Mguu Kazi swali lako ni halali kabisa na sitalijibu kijanja. Kiingilio hakuna. Kuna mchango wa elfu moja kwa Jumapili kwa anayeweza, unaenda kwenye mfuko wa mkia na supu ya asiyekuwa nayo. Na kweli, klabu nyingi ni za watu wanaokaa kwenye viti siku nzima. Mimi mwenyewe nilikuwa nakaa masaa tisa ofisini, natoka na gari, nafika nakaa tena. Wewe mwili wako haudai kilomita. Labda unadai kupumzika na wewe uende ukanywe supu.

Mguu Kazi – saa 2:55 usiku

Hapo kwenye supu tunaelewana.

---

Msukuma wa Dar – saa 3:20 usiku

Mbona hamjasema hatua? Huku kila mtu ana saa ya mkononi, hatua 10,000 au hujatembea.

Nesi Mstaafu – saa 3:41 usiku

Mwanangu, hizo 10,000 hazikutoka hospitali. Zilitoka Japani mwaka 1965, kampuni iliuza kipima hatua na kukipa jina linalomaanisha mita ya hatua elfu kumi. Biashara, ikageuka sheria. Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima linahesabu dakika: 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa kati. Ukigawanya, ni nusu saa kwa siku tano na unapumzika siku mbili. Sasa muone, Jumapili moja ya akina Kobe haitoshi peke yake. Katikati ya wiki tembeeni mitaani kwenu.

Kuhusu yule mzee, nimesoma nikashika kichwa. Wekeni hili kwenye akili: mtu akiwa na fahamu na anaweza kumeza, mpe sukari ya haraka, nusu glasi ya soda ya kawaida au vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji. Subiri dakika 15. Hajakaa sawa, rudia. Akishakaa sawa ale chakula. Akiwa amepoteza fahamu MSIMPE KITU mdomoni, mlazeni kwa ubavu, mkimbizeni hospitali. Na mwenye kisukari asitoke nyumbani bila kula eti supu ipo mbele. Supu gani hiyo?

Kobe wa Isamilo – saa 3:50 usiku

Shikamoo mama. Nimeichukua hiyo, naiandika nyuma ya karatasi ya mkia.

Nesi Mstaafu – saa 3:53 usiku

Marahaba. Iandikeni kwa herufi kubwa, wenye kisukari macho yao nayo yanasumbua.

---

Binti_Luchelele – Jumanne, saa 1:15 asubuhi

Sisi huku Luchelele tuko wanne tu, wanafunzi wawili wa chuo, mimi na mama yangu mdogo. Tunafuata njia ya ufukweni. Raha yake hamuijui, asubuhi mitumbwi inarudi, mnaona wavuvi wanapakua. Tukimaliza tunaosha miguu ziwani, maji ya baridi, uchovu wote unaisha. Karibuni tuungane mwezi ujao.

Nesi Mstaafu – saa 1:40 asubuhi

Binti, kutembea tembea. Kuosha miguu ziwani acha leo. Kichocho hakihitaji unywe maji. Kile kijidudu kinatoka kwenye konokono, kinaelea, kinapenya ngozi yako ukiwa umesimama pale unafurahia ubaridi. Hutahisi kitu siku hiyo. Miaka baadaye ndiyo tumbo na ini. Beba maji kwenye chupa uoshe miguu juu nchi kavu. Na kwa kuwa umeshaosha muda mrefu, nenda kituo cha afya ukapime. Dawa ipo, praziquantel, watakupimia vidonge kwa uzito wako.

Binti_Luchelele – saa 1:44 asubuhi

Mama umeniharibia asubuhi. Lakini asante. Wabeja.

NgoshaMpole – saa 2:05 asubuhi

Hapo hujaambiwa habari za mamba bado.

---

Mtaa kwa Mtaa – saa 4:30 asubuhi

Niongezee upande wa usafi maana mleta uzi ameuruka na najua wanafanya, nimewaona. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, wanashuka Mto Mirongo na magambuti. Kwa msioujua, ule mto unakatiza katikati ya mji na kumwaga ziwani kila kitu tulichotupa juu mlimani. Mifuko ya plastiki imepungua toka ile marufuku ya Juni 2019, lakini makopo ya maji! Ukichota kwa reki unavuta kama unavuna.

Lawama yangu ni moja. Mlivyochota mkaviacha vimerundikwa kando, mkaondoka. Usiku ikanyesha. Asubuhi vyote vilikuwa vimerudi mtoni. Mimi ninakaa pale, niliangalia kwa macho yangu.

Kobe wa Isamilo – saa 5:12 asubuhi

@Mtaa kwa Mtaa umetupiga penyewe, na ni kweli. Gari la taka tuliloahidiwa halikuja na sisi tukaenda kunywa chai. Toka hapo tumebadili: kwanza tunahakikisha gari au hata guta lipo, ndiyo tunaingia mtoni. Miezi miwili tumeahirisha kwa kukosa usafiri, watu wakatuita wavivu. Bora uvivu kuliko kumfanyia jirani maonyesho.

Na wanaookota makopo ya kuuza tunawaita mapema sasa. Wao wanachukua yao kwanza, kinachobaki ndiyo taka. Hilo wazo tulipewa na kijana mmoja wa hapo hapo mtoni, siyo kikaoni.

---

Baba Wawili – saa 7:08 mchana

Mimi siyo mwanachama ila 21 Mei nilikutana na klabu moja makaburini Igoma, sijui kama ndiyo nyie. Walikuwa wanafyeka nyasi kwenye makaburi ya wale waliozama na MV Bukoba. Nilikuwa nimeenda kama ninavyoenda kila mwaka. Mwaka 1996 nilikuwa darasa la tano na mjomba wangu alikuwa kwenye ile meli. Walinikuta nimesimama, hawakuuliza maswali. Dada mmoja akanipa glovu. Nikafyeka nao.

Basi.

Kobe wa Isamilo – saa 7:30 mchana

Ndiyo sisi, mkuu. Pole sana. Mwaka ujao tukianza kutembea kwenda huko tutakupigia kama utapenda, nitumie namba inbox.

---

NgoshaMpole – saa 10:15 jioni

Turudi kwenye utaratibu, mdau wa Nyegezi asije akaondoka mikono mitupu. Kama ni watu kumi wa mtaa mmoja, hamhitaji kitu, tembeeni. Mkifika wengi na mkianza kukusanya hela, andikeni katiba hata ya kurasa mbili, mpitie kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha muoneni afisa michezo wa halmashauri awaelekeze usajili. Mkitaka kufanya matembezi ya hisani ya kuziba barabara, polisi wapewe taarifa mapema na trafiki wawepo. Akaunti iwe na watia saini watatu. Nimeona klabu ikifa kwa sababu mweka hazina alihamishwa kikazi na simu yenye hela.

Msukuma wa Dar – saa 10:22 jioni

Alihamishwa kikazi au alihama?

NgoshaMpole – saa 10:23 jioni

Tuishie hapo ngosha.

Mama Dagaa – saa 12:40 jioni

Na Saanane hamjasema. Nasikia mnavukaga.

Kobe wa Isamilo – saa 1:05 usiku

Mara moja kwa mwaka tu, mama, maana kuna kiingilio cha hifadhi na boti. Ni hifadhi ya taifa toka 2013, ndogo kuliko zote nchini, kilomita za mraba 2.18 na humo wamehesabu hadi maji. Njia zake ni za mawe, mkia anapata kazi kweli. Pimbi wamejaa juu ya miamba wanakuangalia kama wamekukodisha. Na wale mijusi wa Mwanza, kichwa chekundu mwili wa bluu. Wajukuu wa mwanachama mmoja walikataa kuondoka, wakamchelewesha mkia, mkia akachelewesha boti.

Mama Dagaa – saa 1:09 usiku

Rangi kama ya fulana zenu.

Kobe wa Isamilo – saa 1:10 usiku

Mama Dagaa!! Hiyo ya mijusi haishuki.

---

Mguu Kazi – Jumatano, saa 3:00 usiku

Nimesoma uzi wote. Nina swali moja halafu niwaache. Huyu mkia analipwa?

Kobe wa Isamilo – saa 3:06 usiku

Hapana. Analipiwa supu, na hachagui kipande, anapewa kichwa. Zamu ni ya kila mtu, hata mwenyekiti. Hasa mwenyekiti. Jumapili hii aliyepangiwa amepata safari ya Sengerema, zamu iko wazi.

Mguu Kazi – saa 3:20 usiku

Mimi kutembea polepole sijawahi, huwa nawahi kazini. Lakini kukaa na mtu aliyechoka barabarani hilo naliweza, nimekaa na wengi. Nipeni mimi.

Nesi Mstaafu – saa 3:24 usiku

Mpeni. Na asome nyuma ya karatasi kabla hajaanza.

---

Mguu Kazi – Jumapili, saa 11:58 alfajiri

Nipo kwenye samaki. Giza. Sioni mtu hata mmoja, au mmenichezea?

Kobe wa Isamilo – saa 12:04 asubuhi

Ngosha umewahi nusu saa. Mwenye daftari anakaribia, ana kizibao chako. Kaa hapo hapo.

Mguu Kazi – saa 12:19 asubuhi

Nimemuona. Kizibao kinanibana. Soda ipo, imeandikwa nisinywe.